Mabibi wawili wa Ana Penyas

Wanawake wanaochora hadithi za picha kwa Kihispania wanastahili pongezi, nami naanza na Ana Penyas wa Valencia. Mwaka 2017 alitoa Estamos todas bien, yaani "sisi sote tu wazima", kitabu kinachohusu bibi zake wawili, Maruja na Herminia.

Hawa hawakuongoza vita wala chama. Walipika, wakafua, wakalea, wakazeeka. Mjukuu aliwasikiliza, kisha akachora kwa penseli akichanganya picha za zamani na nakshi za vitambaa vya nyumbani, hata ukurasa unafanana na kabati la bibi lililofunguliwa. Nyuma yao umesimama utawala wa Jenerali Franco nchini Hispania, ambapo mke alihitaji idhini ya mumewe ili afungue akaunti ya benki. Sharti hilo lilifutwa 1975. Ukilijua hilo, kisha ukamwona Maruja mzee, peke yake mbele ya televisheni, kimya chake kinakuuma. Mimi kiliniuma.

Tuzo ya Taifa ya Katuni ya Hispania ilianza 2007. Mwanamke wa kwanza kuishinda ni Penyas, 2018, kwa kitabu hiki hiki.

Ng'ambo ya bahari yupo mchoraji Power Paola, mzaliwa wa Quito, aliyesimulia katika kitabu chake Virus tropical utoto wake kati ya mama na dada zake.

Wachapishaji wetu, tuleteeni vitabu hivi kwa Kiswahili. Wasomaji tupo, na bibi zetu pia wapo.