Kiingereza cha Charlie Chan: Barakoa Iliyogeuka Uso

Mpelelezi Charlie Chan wa polisi ya Honolulu anapoanza kueleza alichokiona kwenye chumba cha maiti, neno linalokosekana zaidi kinywani mwake ni "mimi". Hukosekana pia vile vijineno ambavyo Kiingereza hutanguliza mbele ya nomino. Yanayobaki ni maneno mazito, ya adabu na ya kitabuni, yanayoning'inia kama nguo za sikukuu kwenye kamba iliyolegea. Earl Derr Biggers, mwandishi mzaliwa wa Ohio, alimleta mhusika huyu mwaka 1925 katika The House Without a Key, akamwandikia riwaya sita hadi 1932. Sinema zikampokea na kumtengenezea filamu zaidi ya 40. Watu wengi wamekwisha kusema kwamba Chan ni taswira ya Mchina iliyochorwa na mtu asiye Mchina, na wamesema kweli. Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni la kiufundi: Kiingereza chake kilitengenezwaje, na kilifanya kazi gani ndani ya hadithi? Kwangu mimi jibu ni kwamba katika riwaya Kiingereza hicho kilikuwa karibu kuwa barakoa, yaani kitu ambacho mpelelezi anakivaa akijua anachokifanya, na kwamba sinema iliichukua barakoa hiyo ikaigandisha ikawa uso.

Tuanze na sarufi, maana ushahidi umo humo. Kikantoni hakina vile vijineno vinavyotangulia nomino, na kinaruhusu nafsi iachwe pale inapoeleweka. Kwa hiyo makosa mawili makubwa ya Chan yana asili ya kweli, na mtetezi wa Biggers ana haki ya kulitaja hilo. Lakini msikilize Chan kwa kurasa ishirini mfululizo. Mtu huyu ameishi Hawaii miaka zaidi ya ishirini, anajua misamiati ambayo karani wa kawaida wa Kimarekani angeitafutia kamusi, na bado hajaviokota vijineno vilivyomo katika kila mstari wa kila kitabu alichosoma. Mwanafunzi wa lugha hajifunzi hivyo. Anayejifunza kwa kusoma hukutana na vijineno hivyo mara elfu kabla ya kukutana na neno zito moja. Anayejifunza mtaani Honolulu angezungumza pijini ya visiwani, iliyozaliwa kwenye mashamba ya miwa miongoni mwa Wahawaii, Wachina, Wareno, Wajapani na Wafilipino. Pijini hiyo, ambayo kwa watoto waliozaliwa nayo ilikua ikawa krioli, ina kanuni zake. Tendo linaloendelea, kwa mfano, huonyeshwa kwa kutanguliza kitenzi cha "kukaa" mbele ya kitenzi kikuu. Msemaji wa Kiswahili ataielewa mantiki hiyo upesi, kwa kuwa ndiyo kazi ambayo -na- inatufanyia kila siku. Chang Apana, askari wa kweli ambaye jina lake limefungamanishwa na la Chan tangu zamani, alijiunga na polisi ya Honolulu mwaka 1898, akazunguka mitaani na mjeledi mkononi, akiongea Kihawaii na pijini hiyo. Kiingereza cha Chan hakifanani na cha Apana, wala hakifanani na cha mtu yeyote. Kilishonwa mezani.

Kuna jaribio moja litakalolionyesha hili karibu zaidi. Mchukue Chan umtafsiri kwa Kiswahili. Kosa lake la kwanza linayeyuka papo hapo, kwa sababu Kiswahili hakina vijineno vile. La pili nalo linayeyuka, kwa sababu nafsi yetu imo ndani ya kitenzi, na anayesema "nimekiona kisu" bila kutanguliza "mimi" hajakosea hata chembe. Mfasiri anayetaka Chan aendelee kusikika mgeni itambidi avunje kitu kingine, na sote tunajua atavunja nini: ngeli. Atamwandikia "kisu hii analala chini ya meza". Hapo msomaji wa Unguja au Nakuru hamuoni tena mzee mwenye hekima anayetazama alama za nyayo. Anamuona mtu wa kuchekwa. Kila lugha ina makosa inayoyasamehe na makosa inayoyacheka, na mwandishi anapochagua kosa la kumpa mhusika amechagua pia jinsi watu watakavyomtazama.

Biggers alikuwa na habari ya jambo hili, na ushahidi umo katika The Chinese Parrot ya mwaka 1926. Humo Chan anajificha katika shamba la tajiri mmoja kwenye jangwa la California, akijifanya mpishi aitwaye Ah Kim. Ili asitambuliwe anazungumza pijini ya mpishi wa Kichina kama Wazungu walivyozoea kuisikia au kuidhania. Washukiwa wanapita mbele yake kana kwamba ni samani. Akiwa faraghani na mwenzake, Chan analalamika kwamba amejitaabisha maisha yake yote kujifunza maneno mazuri ya Kiingereza, na sasa inambidi ayanyonge kooni. Tukio hilo ni la kiufundi hasa. Mhusika mmoja ana Viingereza viwili, anavaa kimoja na kuvua kingine, na dharau ya wasikilizaji ndiyo inayomfungulia milango ya uchunguzi. Riwaya ya mwisho, Keeper of the Keys, inarudia mbinu hiyo kwa njia nyingine: Chan anakutana na mtumishi mzee, Ah Sing, mwenye matamshi yale yale ya mpishi, nasi tunatakiwa tupime umbali uliopo kati ya wazee hao wawili. Umbali huo ulikuwepo hata nje ya riwaya. Mwaka 1924, mmoja tu kabla Chan hajazaliwa kwenye karatasi, Hawaii ilianzisha shule za serikali ambazo mtoto aliingia kwa kupimwa Kiingereza chake cha mdomo. Waliozungumza pijini walibaki nje, na wengi wao hawakuwa watoto wa Wazungu. Uchungu wa Chan juu ya maneno mazuri una historia nzima nyuma yake, ingawa Biggers hakuifuata historia hiyo hadi mwisho. Alimfanya Chan aidharau pijini bila kumuuliza nani alimfundisha dharau hiyo.

Agatha Christie aliifikisha mbinu hii mbali zaidi. Hercule Poirot, mkimbizi wa Kibelgiji aliyetokea kwa mara ya kwanza mwaka 1920 katika The Mysterious Affair at Styles, ana kasoro ya lugha inayoshangaza: anateleza kwenye maneno mepesi na kuyatamka magumu bila shida. "Ndiyo", "rafiki yangu", "sivyo?" humtoka kwa Kifaransa, ilhali habari za sumu na saa za treni anazieleza kwa Kiingereza kilichonyooka. Mwanafunzi wa kweli huenda kinyume chake, maana salamu ndizo tunazozishika mwanzo. Kwa muda mrefu msomaji aliweza kudhani kwamba Christie amekosea. Kisha, katika Three Act Tragedy iliyotoka kati ya 1934 na 1935, Poirot anaulizwa jambo hilo waziwazi, naye anakiri kwamba Kiingereza sahihi anakiweza. Anakivunja kwa makusudi, kwa sababu Mwingereza akisikia mgeni anayebabaika humdharau, na anayekudharau hajilindi mbele yako. Ungamo hilo linabadilisha vitabu vyote vilivyotangulia. Ukirudi nyuma unakuta kila kosa la Poirot lilikuwa mtego, na aliyenaswa si muuaji peke yake. Amenaswa pia msomaji aliyekuwa akitabasamu.

Mtu atauliza: je, tofauti ya wapelelezi hawa si kwamba mmoja ni Mzungu na mwingine ni Mchina? Sehemu kubwa ya jibu ni ndiyo, na sina haja ya kulikwepa. Christie angeweza kumpa Poirot ungamo hilo kwa sababu hakuna msomaji wa London aliyeshindwa kuamini kwamba Mbelgiji anaweza kuzungumza Kiingereza safi. Biggers alipata nafasi hiyo hiyo katika The Chinese Parrot na akaishia nusu njia. Chan alipoivua pijini ya Ah Kim, chini yake kulikuwa na Kiingereza kingine chenye kasoro, ambacho hakukivua kamwe.

Sinema ilipoingia, hata ile nusu njia ilifungwa. Filamu ya Charlie Chan Carries On ya 1931 ilimpa nafasi ya Chan mwigizaji Warner Oland, mzaliwa wa Sweden, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameigiza Fu Manchu, yule Mchina mwovu ambaye Biggers alitaka Chan awe kinyume chake. Oland aliongea polepole, kwa upole, akiacha vijineno vile vile, na watunzi wa filamu wakamjazia methali fupi fupi kila baada ya dakika chache. Kwenye karatasi, msomaji anauona mpangilio wa mawazo ya Chan kwa kurasa nyingi kabla hajafungua kinywa. Kwenye skrini hakuna kurasa hizo. Kuna uso na sauti tu, na mtazamaji akisikia sauti hiyo anaamini kwamba ndivyo mtu alivyo. Kuanzia 1935 Keye Luke, mzaliwa wa Guangzhou aliyekulia Seattle, aliigiza mwana mkubwa wa Chan kwa Kiingereza cha kijana wa Kimarekani, chepesi na cha kisasa. Mwaka huo huo, katika Charlie Chan in Egypt, mwigizaji Mweusi aliyejulikana kama Stepin Fetchit aliwekwa kando ya Chan na Kiingereza cha kuburuza, cha mtu mvivu na mwoga. Katika filamu za mwaka mmoja mtazamaji alipewa ngazi nzima: juu Wazungu, kisha kijana aliyejifunza kuongea kama wao, kisha baba yake mwenye hekima na sarufi pungufu, na chini kabisa mtu Mweusi. Hakuna aliyeitangaza ngazi hiyo. Ilijengwa kwa matamshi.

Watetezi wa filamu hizi wana hoja yenye nguvu kuliko ile ya "zama zile". Wanasema Wachina wenyewe walimpenda Chan. Ni kweli: Oland alipozuru Shanghai mwaka 1936 alipokewa kwa furaha, na baadaye studio za huko zikatengeneza filamu zao wenyewe za Chan. Lakini tazama walichokifanya. Walimpa nafasi mwigizaji wa Kichina, naye akazungumza Kichina. Ile sarufi pungufu iliyodhaniwa kuwa roho ya mhusika ilitoweka, na mpelelezi akabaki na akili yake, utulivu wake na ushindi wake. Kilichopendwa Shanghai hakikuwa Kiingereza chake. Hoja hiyo inawapinga walioileta.

Desturi hii ya kumpa mhusika sauti yenye kasoro ina wenyewe hata kwetu. Vichekesho vyetu vina mlinzi Mmasai wa ngeli zilizovurugika na Mkikuyu wa kubadilishana "r" na "l", na ni nadra mtunzi kumpa mmoja wao dakika ya kuivua sauti hiyo tumsikie akifikiri. Mwandishi Muhammed Said Abdulla alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, tangu riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, Kiswahili kamili cha Unguja, kwa hiyo mtego wa Poirot haujatumika humo. Mwandishi wetu wa upelelezi atakayeutumia kwa Kiswahili, kwa mpelelezi ambaye mji mzima unadhani hajui ngeli, atakuwa ametufanyia kazi kubwa.

Tukirudi kwenye skrini, baada ya Oland kufariki mwaka 1938 nafasi ya Chan ilikwenda kwa Sidney Toler wa Missouri, kisha kwa Roland Winters. Keye Luke alirudi katika filamu mbili za mwisho, 1948 na 1949, bado akiwa mwana, ingawa alikuwa amemzidi Winters umri kwa miezi mitano. Alipata kuwa Charlie Chan mwaka 1972, kwa sauti tu, katika katuni ya Hanna-Barbera. Sauti kadhaa za watoto wenye asili ya Asia waliorekodiwa pamoja naye ziliondolewa na kurekodiwa upya na watoto wengine, kwa hofu kwamba watazamaji wa Marekani wasingeielewa lafudhi yao.