Kuipima Baga ya Bairrada

Anayeipima Baga kwa ulaini ameanza vibaya. Zabibu hii nyekundu ya Bairrada, ukanda ulio kati ya Coimbra na Aveiro nchini Ureno, ina tunda dogo, ganda nene na uchachu ambao haupungui sana hata mwaka wa jua kali. Mvinyo wake ukiwa mchanga hukaza ulimi na ufizi kama bibo lisiloiva. Ukakasi utakuwepo tu. Kazi ya mwonjaji ni kujua ni ukakasi wa namna gani, na umetoka wapi.

Piga funda dogo, lizungushe mdomoni, usiwe na haraka ya kumeza. Ukakasi wa ganda lililoiva huja taratibu, hutanda mdomo mzima kwa usawa, kisha mate hurudi yenyewe kwenye pande za ulimi na ladha ya tunda huwa ingalipo. Ukakasi mbichi huwahi: hung'ata ufizi wa mbele, hukausha, na nyuma yake huacha uchungu kooni pamoja na harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi. Huo wa pili hautibiki. Watu huambiwa waiweke chupa miaka kumi italainika. Baada ya miaka kumi tunda limekwisha na ukakasi bado umekaa pale pale.

Chanzo cha ubichi huo kiko shambani. Baga huchelewa kuiva, na Bairrada iko karibu na Atlantiki, kwa hiyo mvua za Septemba mara nyingi huikuta ingali mtini. Vichala vyake vimebanana; maji yakiingia kati ya matunda hayatoki, na ukungu hauchelewi. Mkulima anayeiona mvua inakuja hushawishika kuvuna mapema, ajiokoe. Juu ya hayo mzabibu wenyewe huzaa kupita kiasi, na ukiachiwa uzae utakavyo haupati nguvu ya kuivisha vyote. Ndiyo maana kwenye Baga mwaka wa mavuno una uzito kuliko kwenye zabibu nyingi. Mwaka 2005, wa ukame mkubwa Ureno, uliwapa wakulima kitu wasichokizoea: muda wa kungoja.

Udongo nao una neno. Baga bora hutoka kwenye mfinyanzi wenye chokaa. Kwenye mchanga hutoka mvinyo mwepesi zaidi, ingawa mtengenezaji mvinyo Luis Pato ana mizabibu kwenye mchanga wa shamba la Quinta do Ribeirinho iliyopandwa kwa mizizi yake yenyewe bila kuunganishwa, kwa kuwa filoksera, mdudu mla mizizi, hastawi mchangani. Mvinyo wake, Pé Franco, ni ghali na huadimika.

Huyo Pato ndiye aliyebadili mazungumzo. Alianza kutengeneza mvinyo mwaka 1980, mwaka mmoja tu baada ya Bairrada kutambuliwa rasmi kuwa eneo la mvinyo, wakati Baga nyingi iliishia kwenye vyama vya ushirika au kwenye mvinyo wa waridi wa chapa ya Mateus. Aliondoa vikonyo kabla ya kuchachusha, na akaanza kupunguza vichala mtini ili vilivyobaki viive. Vile vinavyokatwa mapema, vyenye uchachu mwingi, vinafaa kabisa kwa mvinyo wa mapovu. Vinavyobaki husubiri kuwa mvinyo mwekundu.

Wengi wakahitimisha kwamba vikonyo ni kosa. Mimi sikubali. Shamba la Quinta das Bágeiras bado huchachusha Garrafeira yake nyekundu, yaani mvinyo wa kukomazwa muda mrefu, pamoja na vikonyo vyake na kuilaza kwenye mapipa makubwa ya zamani, nayo ikipata mwaka mzuri ina ukakasi mwingi usiokera hata kidogo, kwa sababu tunda lilikuwa limeiva. Ninaowatilia shaka ni wale wanaoziba ubichi kwa mapipa madogo mapya ya mwaloni. Ukinusa glasi ukakutana kwanza na vanila na kahawa iliyokaangwa, jiulize kuna nini chini yake. Baga nzuri ikiwa changa hunukia cheri chachu na plamu. Ikizeeka huja tumbaku, mwerezi, uyoga na udongo uliolowa.

Rangi isikubabaishe. Weusi wa glasi hauonyeshi ubora. Mtengenezaji mvinyo Dirk Niepoort, aliyenunua shamba la Quinta de Baixo mwaka 2012, hutoa Baga iitwayo Poeirinho, ambalo ni jina la zamani la zabibu hiyo hiyo: rangi hafifu, kilevi kidogo, na bado ina mshiko. Filipa Pato, binti wa Luis, naye hufuata njia ya wepesi. Anayetafuta mvinyo mzito wa kutafuna atawapita hawa wawili, na atakuwa amekosa sana.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakina gharama. Kunywa nusu ya chupa, irudishie kizibo, uionje tena kesho yake jioni. Baga iliyotengenezwa vizuri siku ya pili hufunguka, harufu zake zikaongezeka na ukakasi ukatulia ndani ya tunda. Ile dhaifu itakuwa imebaki mifupa mitupu.

Dukani, soma lebo. Neno Baga likiandikwa peke yake kama aina ya zabibu, sheria ya Ulaya hudai iwe angalau asilimia 85 ya mvinyo. Neno Garrafeira kwenye mvinyo mwekundu humaanisha umekaa miezi 30 au zaidi kabla ya kuuzwa, 12 kati yake ndani ya chupa. Hiyo ni dalili ya subira ya mtengenezaji, si dhamana. Chupa ya miaka mingi isimamishe siku nzima mashapo yatue, kisha uimimine polepole. Ukingo wa glasi ukiwa na rangi ya tofali ni kawaida, lakini glasi nzima ikiwa kahawia, umechelewa.

Mezani Baga hudai mafuta. Pale mjini Mealhada huoka kitoto cha nguruwe hadi ngozi ipasuke kwa meno, na wenyeji wengi hukisindikiza kwa mvinyo wa mapovu. Mwekundu uliokomaa nao hukiweza, maana uchachu hukata mafuta na mafuta hulegeza ukakasi. Unywe kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ukiutoa kwenye jokofu na kuumimina papo hapo, ukakasi utapanda maradufu nawe utailaumu zabibu bure.