Alama za Majaji na Ari ya Mpiga Ngoma

Katika mashindano ya Drum Corps International nchini Marekani, yanayofanyika tangu 1972, bendi za vijana za ngoma na matarumbeta hupimwa kwa alama 100: 40 za mvuto wa jumla, 30 za muziki na 30 za mwonekano uwanjani. Mwaka 2014 bendi ya Blue Devils iliweka rekodi ya alama 99.650.

Watetezi wa mfumo huu husema alama ndizo zinazowapa vijana ari. Nawakubalia nusu tu. Alama husaidia kufichua kasoro. Lakini vijana hawa hawalipwi. Wao ndio hulipa ada ili wapige, na wakifikia takriban miaka 22 muda wao umekwisha. Anayelipa ili atoke jasho amekuja na ari yake.

Isitoshe, nafasi hutegemea na wenzao. Bendi inaweza kupiga vizuri kuliko jana, ikashuka kwa sababu nyingine imepiga vizuri zaidi. Mwalimu anayehimiza kwa nafasi pekee huwafundisha vijana kuionea aibu kazi njema. Majaji na wapime. Mazoezini swali la kwanza liwe: leo tumeboresha nini?