Wepesi Si Ustadi: Istilahi za Kupimia Mikono ya Roboti

Katika tafsiri za maandishi ya ufundi, neno la Kiingereza dexterity aghalabu hufasiriwa kuwa "wepesi wa mkono". Linapomsifu mshonaji au mpiga zeze, tafsiri hiyo haina madhara. Lakini kwa kuwa neno hilo sasa limeingia katika taarifa za upimaji wa mikono ya roboti, yafaa lichunguzwe upya, maana istilahi ya kipimo haina budi kutaja kile hasa kinachopimwa.

Tuchukue mfano wa Sengerema, ambako pamba huchumwa kwa mkono. Mchumaji mwepesi aweza kujaza gunia upesi, lakini pamba yake ikawa imechanganyika na majani. Nayo itatiwa katika daraja la pamba fifi. Mchumaji stadi huingiza vidole katika tumba lililopasuka, akachomoa pamba na kuliacha ganda, na gunia lake likajaa pamba safi. Msemaji wa Kiswahili, basi, anajua tayari kwamba upesi ni sehemu moja tu ya ustadi.

Vipimo vya wataalamu vyathibitisha jambo hilo. Kipo kipimo cha sanduku, kilichobuniwa kwa ajili ya mikono ya binadamu: michemraba 150 ya mbao, kila upande sentimita 2.5, huhamishwa mmoja mmoja kupita juu ya kizuizi, na idadi iliyohamishwa katika sekunde 60 ndiyo alama. Hiki kwa hakika hupima wepesi. Kipimo cha Kapandji cha mwaka 1986 hakijali muda: hutazama kidole gumba chaweza kufika wapi katika vidole vingine na kiganja, kwa alama 0 hadi 10. Mkusanyo wa YCB, uliotolewa na watafiti wa Marekani mwaka 2015, huipa roboti vyakula, vyombo vya jikoni na zana, ili kazi za maabara mbalimbali zilinganishwe kwa vitu vilevile. Kuvifunika vyote hivi kwa neno "wepesi" ni kumpotosha msomaji.

Kosa la pili ni kukiita kila kifaa cha kushikia "mkono". Kifaa chenye taya mbili ni koleo. Wahunzi wa Kirongo, mabingwa wa zamani wa chuma kusini ya Ziwa Victoria, wangeielewa tofauti hiyo mara moja: koleo hushika chuma cha moto barabara, lakini haliwezi kukigeuza ndani ya taya zake; mhunzi ndiye aligeuzaye koleo. Mkono hugeuza ufunguo kati ya vidole bila kuuachia.

Kwa hiyo twapendekeza "ustadi wa mkono" kwa dhana nzima. "Wepesi" kwa kasi pekee. "Uthabiti wa mshiko" kwa kutoponyoka kwa kitu. Na "ugeuzaji kiganjani" kwa kukigeuza kitu pasipo kukiweka chini. Huenda ikadaiwa kwamba ustadi ni sifa ya mtu, haiifai mashine. Lakini twasema injini ina nguvu na saa ina usahihi, wala hakuna anayeshangaa.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Ofisa ugavi asomaye "wepesi" katika zabuni ya mikono bandia ataununua ule uendao mbio, na mgonjwa atakayeuvaa atashindwa kufunga kifungo cha shati lake.