Mizani Haipo Kwenye Herufi: Kompyuta Mbele ya Ubeti wa Pwani ya Kilwa

Wanafunzi wa fasihi tumezoea kulumbana juu ya mizani kana kwamba sote tunajua mizani ni kitu gani. Wanamapokeo, na kitabu cha Kaluta Amri Abedi cha mwaka 1954 mkononi, husema shairi lisilotimiza mizani ni guni. Wanausasa, tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, hujibu kwamba hiyo ni hesabu tupu, kazi ya karani. Makala haya yanadai kuwa pande zote mbili zinakosea pale zinapokubaliana, yaani kwamba mizani ni hesabu. Shahidi wetu ni kompyuta.

Siku hizi si ajabu mtu kuandika programu ya kupima ubeti. Kanuni yake ya kwanza ni nyepesi: shika mstari, pita herufi moja baada ya nyingine toka mwanzo hadi mwisho, na kila ukikuta a, e, i, o au u, ongeza moja. Kanuni hiyo si ya kijinga, maana silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu. Tujaribu na majina ya Kilwa. Kilwa Kivinje: herufi 12, irabu 5, mizani 5. Mwembe Kinyonga, mahali panapokumbukwa kwa kunyongwa Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895: irabu 5, mizani 5. Safi kabisa.

Haya, sasa tutunge kipande cha utenzi: "Mji wetu wa Kivinje". Sikio linasema 8: m-ji, we-tu, wa, ki-vi-nje. Kompyuta inasema 7. Imeiruka ile m kwa sababu si irabu.

Mwandishi wa programu atasema hilo dogo: tuihesabu kila m inayofuatwa na konsonanti, isipokuwa w na y. Mji umepona, lakini mwembe umeugua, kwani sasa unasomwa mwe-m-be. Basi tuiache m iliyo mbele ya b? Tazama vipande hivi viwili:

Mtu mbaya akija
Na njaa mbaya ikija

Vyote vina mizani 8. Lakini katika cha kwanza "mbaya" ni m-ba-ya, mizani 3, kwa kuwa m ni ya ngeli ya mtu. Katika cha pili ni mba-ya, mizani 2. Herufi ni zilezile tano, kwa mpangilio uleule. Hata uzipite mara elfu, hazitakuambia tofauti hiyo. Ndivyo ilivyo kwa "kumbuka" na "kumbeba mtoto". Na "nje" likisimama peke yake lina mizani 2, n-je; likiwa mkiani mwa Kivinje, lina 1.

Hati ya Kiarabu nayo ina somo lake. Kwa mwenye kuijua, herufi na iraba yake ni kitu kimoja kinachosomwa kwa mkupuo mmoja. Katika mfumo wa Yunikodi, uliotolewa mwaka 1991, herufi ina namba yake na alama ya irabu ina namba yake. Programu ikipita namba hadi namba huona vitu viwili pale msomaji anapoona "ba" moja. Ikipita baiti hadi baiti ndiyo balaa zaidi, maana katika UTF-8 kila herufi ya Kiarabu hukaa katika baiti 2, nayo huikata herufi katikati.

Hayo si mchezo wa mafundi tu. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ametuachia Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Whiteley. Ni sauti ya pwani hii kuhusu vita vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, bara ya Kilwa. Utenzi wa vita utakwepaje maneno kama mtu, mji na mti? Mhariri akiupitisha kwenye programu ile ya irabu, vipande vizima vitaitwa vilema, na kesho atatokea mtu wa "kuvisahihisha". Hapo tutakuwa tumeharibu urithi kwa jina la kuuhifadhi.

Kuna atakayesema programu iongezewe kamusi na ngeli. Sawa, na itafanya kazi vizuri zaidi. Lakini hapo haihesabu herufi tena. Inajaribu kujua Kiswahili. Na bado itakutana na inkisari na mazida, pale mshairi anapolifupisha au kulirefusha neno kwa hiari yake.

Kwa hiyo, wenzetu wanausasa wasituambie tena kwamba mizani ni kazi ya karani. Karani mwepesi kuliko wote duniani amepewa kazi hiyo akakwama kwenye neno "mbaya". Na wanamapokeo nao waache kuhakiki kwa kuhesabu vidole juu ya karatasi. Mizani huamuliwa na mdomo unaoijua lugha. Anayetaka kuliita shairi guni, alisome kwanza kwa sauti.