Kifaransa cha Mwanzo Kibenga: Somo Liko Ndani ya Kanuni ya Mchezo

Mtoto wa Kibenga, kusini mwa Bujumbura karibu na Ziwa Tanganyika, haanzi Kifaransa akiwa mikono mitupu. Anacho Kirundi, na mara nyingi anacho Kiswahili pia. Katika shule za umma Kirundi ndiyo lugha ya kufundishia kwa miaka minne ya mwanzo, Kifaransa kikiwa somo tu. Darasa la tano mambo hugeuka, na hesabu na sayansi huanza kufundishwa kwa Kifaransa. Yule ambaye miaka minne hiyo ilipita akinakili maneno ubaoni huingia darasa la tano bila sikio la lugha. Wengi sasa wanakubali kwamba wadogo wafundishwe kwa michezo na utamaduni, lakini kukubali huko hakutoshi. Mchezo hufundisha pale tu kanuni yake inapomlazimu mtoto aelewe au aseme jambo fulani ndipo aendelee kucheza. Utamaduni nao husaidia pale unapoanzia kwa mtoto mwenyewe.

Ushahidi wa kwanza umo katika tathmini ya PASEC ya mwaka 2014, iliyopima shule za msingi katika nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Wanafunzi wa madarasa ya mwanzo wa Burundi walipimwa kwa Kirundi, na zaidi ya robo tatu yao walifikia kiwango cha kutosha katika lugha, ilhali kwa nchi zote kwa jumla waliofika hapo hawakutimia theluthi moja. Wanafunzi wa mwisho wa shule ya msingi walipimwa kwa Kifaransa: katika kusoma, waliofikia kiwango walizidi nusu kidogo tu, ingawa katika hisabati Burundi iliendelea kung'ara. Makundi hayo mawili si watoto walewale, na pengo hilo halina sababu moja. Hata hivyo ni vigumu kusema kwamba watoto hawa hawana akili ya kusoma, kwa kuwa kusoma na kufikiri wanakuweza. Kinachopungua ni Kifaransa cha kusikika, ambacho kilipaswa kutangulia kitabu.

Hapo ndipo mchezo unapopata kazi yake. Chukua Jacques a dit, mchezo wa watoto wa Ufaransa ambamo amri hutekelezwa ikiwa tu imetanguliwa na maneno hayo. Mtoto hasemi chochote mwanzoni. Anasikiliza, kisha anagusa kichwa, anaruka au anatulia. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, alijenga mbinu yake miaka ya 1960 juu ya wazo hilohilo la kuitikia amri kwa mwili kabla ya kudaiwa kusema. Sasa weka kadi nne mezani: mchele, kitanda, barabara, gurudumu. Kwa Kifaransa ni riz, lit, rue na roue. Kirundi hakitenganishi r na l, kwa hiyo anayekijua hicho peke yake atababaika kati ya mchele na kitanda. Anayejua Kiswahili ameshazoea kutofautisha kula na kura, basi ana pa kuanzia. Lakini barabara na gurudumu zitawasumbua wote, maana sauti ya u ya Kifaransa haimo katika lugha zote mbili. Mwalimu akiamuru kadi ipi iguswe, mikono itamwonyesha mara moja nani amesikia na nani amekisia.

Baada ya sikio huja ulimi, na hapa soko linafaa kuliko picha za theluji. Mmoja anauza dagaa, ndizi na maharage. Mwingine ana noti za karatasi za faranga 500, 1,000 na 2,000. Kanuni ni moja: hapewi mzigo asiyetaja kitu, kiasi na bei. Burundi ilirithi hesabu ya Kibelgiji, 70 ikiwa septante na 90 nonante, hivyo mtoto haanzi kwa kujumlisha 60 na 10 ili aseme sabini. Vitendawili vya Kirundi, ibisokozo, navyo vina umbo lililo tayari: mmoja anaita Sokwe, wenzake wanaitikia Niruze, kisha fumbo linatolewa. Umbo likibaki hivyo na fumbo likawa la Kifaransa, mtoto anajua la kufanya hata kabla ya kujua maneno yote.

Wapo watakaosema darasa lenye watoto wengi haliwezi kucheza. Ukweli ni kwamba wingi huumiza zaidi ile njia ya kuitikia kwa pamoja, ambamo sauti kumi zenye nguvu huwaficha arobaini walio kimya. Amri za mwili humweka kila mtoto machoni pa mwalimu, na soko huendeshwa wawiliwawili. Wazazi nao huhofia mitihani. Mtihani wa Kifaransa wa DELF Prim, wa watoto wa miaka 7 hadi 12, hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na angalau nusu ya alama hupatikana kwa sikio na ulimi. Kuna hoja nzito zaidi: Kifaransa kililetwa na ukoloni, na tangu 2007 Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiingereza na Kiswahili ndivyo vinavyotawala. Hoja hiyo ni ya haki katika mjadala wa sera. Lakini madhali darasa la tano linafundishwa kwa Kifaransa, kumnyima mtoto msingi mzuri ni kumwadhibu yeye kwa uamuzi wa wakubwa. Na kukiingiza Kifaransa kupitia soko na vitendawili vya kwao kunamfundisha pia kwamba lugha ngeni haidai aache ya nyumbani.

Basi mkaguzi au mzazi anayeingia darasani asitazame vicheko wala rangi za kadi. Aulize swali moja: je, mtoto asiyeelewa Kifaransa hata neno anaweza kushinda mchezo huu? Kama anaweza, kanuni ibadilishwe leo, kabla miaka minne haijaisha.