Kaza hedi, kaza tapeti: Vitenzi vya gereji visivyofika kwenye orodha za istilahi

WAUNDAJI wetu wa istilahi wana mazoea ambayo hayajahojiwa vya kutosha. Wakisikia neno "ufundi", hufungua daftari na kuanza kuorodhesha nomino. Vali. Pistoni. Silinda. Springi. Kila kidude kikishapata jina, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha.

Katika makala haya ninanuia kuonyesha kwamba orodha ya aina hiyo, hata ikiwa na maneno elfu, haiwezi kumsaidia mtu kufunga hedi ya Probox. Mfano wangu sitautoa mbali. Nautoa Shauri Moyo, mashariki mwa jiji la Nairobi, katika gereji za wazi zilizo karibu na soko la Burma na mabanda ya Kamukunji, ambako hedi hufunguliwa na kufungwa kwa Kiswahili.

Kwa msomaji ambaye gari lake hulijua kwa ufunguo tu: hedi ni kile kipande kizito kinachokaa juu ya bloku na kuzifunika silinda. Ndani yake mna valvu zinazofungua njia ya hewa kuingia na ya moshi kutoka, springi zinazozirudisha, gaidi, yaani bomba fupi ambamo shina la valvu hupanda na kushuka, siti ambayo kichwa cha valvu huikalia, na tapeti zinazopokea msukumo wa kamshafti.

Najua wapo walioshtuka tayari. Gaidi? Siti? Huu ndio ushahidi unaotolewa kila mara kwamba lugha ya gereji haifai kuingizwa katika maandishi: eti imekopa ovyo kutoka Kiingereza hadi bomba la chuma likaitwa jina la mhalifu, na kalio la valvu likapewa heshima ya Siti binti Saad. Ongeza "fila", kile kipimo cha vibamba vyembamba. Sote tulifunzwa shuleni kwamba lila na fila havitangamani, ilhali gerejini fila hutangamana na tapeti kutwa nzima.

Pingamizi hilo ni jepesi. Kinachotenganisha maana katika Kiswahili si umbo la nomino peke yake. Fundi husema "gaidi imelika" au "gaidi zimekwisha". Mtangazaji wa habari husema "gaidi amekimbia" na "magaidi wamekwisha". Sikio linapokea neno moja, lakini upatanisho wa kisarufi umeshazitenga maana mbili kabla sentensi haijaisha. Wanaofundisha ngeli darasani kwa majedwali wangeweza kutumia mfano huu, maana haujabuniwa na mwandishi wa kitabu cha kiada. Umetoka kwa watu wenye grisi mikononi, ambao hawakuombwa na yeyote kulinda sarufi na wameilinda.

Basi majina si tatizo kubwa. Yamekopwa, yakavishwa irabu za mwisho, yakaingizwa katika ngeli ya I-/ZI-, na maisha yakaendelea. Utajiri wa gereji uko kwenye vitenzi, na karibu vyote ni Kiswahili cha jadi.

Sikiliza kazi yenyewe. Kabla hedi haijarudishwa, kila valvu husagwa kwenye siti yake kwa pesti yenye chembechembe za kukwaruza, ikizungushwa kushoto na kulia kwa mkono. "Saga mpaka ilale," fundi humwambia mwanagenzi wake. Kulala hapa ni kugusana pande zote bila kuacha upenyo. Ili kuhakikisha, humiminwa petroli au mafuta ya taa kwenye tundu la hewa na kuangaliwa upande wa pili: ikivuja, "haijalala". Valvu iliyokwisha kusagwa haihamishwi siti, maana imelalia pale na haitalala kwingine. Ona kazi inayofanywa na mnyambuliko huo mmoja: kulala ni hali ya valvu, kulalia ni uhusiano wake na siti maalum, kulaza ni kazi ya fundi.

Halafu kuna kauli ya kutendeka. "Siti hii haisagiki tena" ni uamuzi kamili wa kitaalamu ndani ya neno moja: imelika kupita kiasi ambacho mkono unaweza kurekebisha, ipelekwe kwa mwenye mashine. Na "kulika" kwenyewe, kutokana na kula, kumejengewa familia nzima. Injini "inakula oili", na inaikula kwa sababu gaidi "zimelika" au sili zake zimekauka, hivyo oili inateremka kando ya shina la valvu na kuunguzwa. Yule mteja anayelalamikia moshi wa samawati anapowasha gari asubuhi anaelezwa chanzo na matokeo kwa mzizi mmoja wa kitenzi. Sijui orodha gani ya istilahi ingempa maelezo mafupi kuliko hayo.

Hata hivyo sikuja kuipamba gereji. Uhakiki unaosifu tu haumfai mtu. Lugha hii ina kasoro moja ambayo huvunja injini, nayo iko kwenye kitenzi hichohicho wanachokitumia zaidi: kaza.

Chukua injini ya Isuzu 4JB1. Hedi ikisharudishwa juu ya bloku, mwanagenzi huambiwa: "Kaza hedi." Maana yake ni kuzungusha bolti kwa spana ya kipimo, kwa awamu, kuanzia za katikati kwenda pembeni, ili hedi isipinde. Baadaye kidogo huambiwa: "Kaza tapeti." Hapa maana imegeuka. Anatakiwa kuzungusha parafujo iliyo kwenye ncha ya roka ili nafasi iliyopo kati ya roka na shina la valvu ipungue hadi milimita 0.40, injini ikiwa baridi, kisha aache. Mara inafuata amri ya tatu: "Haya, sasa kaza." Kinachokazwa sasa ni nati inayoifungia parafujo ile, na sharti lake ni kwamba ile nafasi isibadilike hata kidogo.

Kitenzi ni kimoja. La kwanza lina maana ya tia nguvu kwa kiwango kilichowekwa. La pili, punguza ufike kipimo. La tatu, shikilia palepale. Kijana akitekeleza amri ya tatu kwa maana ya kwanza, nati huiburuta parafujo, na milimita 0.40 zikayeyuka. Injini ikipata moto, chuma kitatanuka, shina la valvu litarefuka na kuegemea roka, na valvu haitalala tena kwenye siti. Mgandamizo utavuja, gesi ya moto itapita pembeni mwa valvu ya moshi, na baada ya muda valvu hiyo itaungua. Gari litarudi likivutwa kwa kamba na kijana ataambiwa kuwa hasikii. Alisikia vizuri sana.

Mafundi waliokomaa hujinasua. Utawasikia wakisema "funga hedi", "punguza tapeti", "bana nati". Maneno yapo, na kila moja lina mpaka wake. Ila hakuna aliyeyakusanya na kusema: haya ndiyo tutumie. Hii ndiyo kazi ya mtaalamu wa istilahi, na ndiyo kazi isiyofanywa, kwa sababu ameelekeza macho kwenye nomino. Atakuambia valvu iitwe vali. Sawa, iitwe vali. Haijazuia yeyote kuunguza valvu.

Iko nomino moja tu ambayo kwa kweli gereji inaihitaji, nayo ni jina la ile nafasi. Wengi husema "kliaransi", wengine "gepu". Kiswahili kina maneno mawili yanayogombania kiti hicho, na tofauti yao anaijua kila aliyelelewa katika lugha hii: mwanya na pengo. Mwanya kwenye meno ya mbele mtu huzaliwa nao, na wengi huuona kuwa urembo. Pengo huachwa na jino lililotoka. Nafasi ya milimita 0.40 iliyokusudiwa na aliyeibuni injini ni mwanya. Nafasi iliyozidi kwa sababu vyuma vimelika, ile inayofanya tapeti zigonge kama cherehani, hiyo ni pengo. Ningependa kumwona mwanagenzi anayeweza kuambiwa "hili si mwanya tena, ni pengo" akaelewa papo hapo.

Kuupima mwanya nako kuna vitenzi vyake, na hapa gereji haina mpinzani. Kibamba cha fila kikipita bila kugusa, mwanya ni mkubwa. Kikikwama, ni mdogo. "Inafaa ikwaruze kidogo." Kati ya kupita na kukwama, kukwaruza ndicho kipimo.

Tatizo ni kwamba maarifa haya yote yamefungwa kwenye "hii", "hapo", "wacha" na "hivyo hivyo". Fundi akiondoka, lugha imeondoka naye. Kwa injini ya parafujo na roka hilo lilivumilika. Kwa Probox yenye injini ya 1NZ-FE halivumiliki. Injini hiyo ina valvu 16, na mwanya wake ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za hewa, na 0.25 hadi 0.35 kwa za moshi kwa kuwa hizi hupata joto zaidi. Haina parafujo ya kuzungusha. Tapeti zake ni vikombe vinavyotengenezwa kwa unene tofauti, vipimo 35, kuanzia milimita 5.06 hadi 5.74, kila kimoja kikimzidi mwenzake kwa 0.02. Ukikuta mwanya wa valvu ya moshi umefika 0.42 na kikombe kina unene wa 5.30, nawe unalenga mwanya wa 0.30, unajumlisha ile tofauti ya 0.12 na kutafuta kikombe cha 5.42. Ni hesabu ya kuandikwa, mara 16, na aliyeiandika lazima aweze kusomwa na mwenzake kesho yake. "Hapo hapo" haiandikiki.

Na vitabu vya kumwongoza kijana katika hesabu hiyo ni vya Kiingereza. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya. Kwenye benchi la Shauri Moyo urasmi huo bado haujaandika hata ukurasa mmoja.

Wenzangu wataniuliza kuhusu taratibu. Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi hutaka tuanze na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, twende kwa lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, ndipo tubishe hodi kwa wageni. Siupingi. Ninachouliza ni kwa nini "Kiswahili chenyewe" kinasomwa kuwa ni cha mwambao na vitabuni peke yake. Mabaharia ndio waliolipa gari neno usukani, na hatukuwataka kwanza wathibitishwe na kamati. Parafujo tuliachiwa na Wareno.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ililieneza duniani jina la sekta isiyo rasmi. Mafundi wenyewe wakajiita jua kali. Rais Moi alipowatembelea Kamukunji mwaka 1985 na kuahidi mabanda, jina hilo la mtaani ndilo lililotangaa, na kufikia 1992 lilikuwa limeingia katika kichwa cha waraka wa Serikali nambari 2 wa mwaka huo, waraka ulioandikwa kwa Kiingereza. Istilahi iliyoundwa na kundi lisilo na ofisi iliishinda ile ya wataalamu mpaka kwenye karatasi zao.

Kwa hivyo atakayekuja Shauri Moyo na daftari, aje na kinasa sauti pia, na akae siku nzima, toka hedi inapofunguliwa mpaka injini inapowashwa. Aandike vitenzi pamoja na vinyambuo vyake, na kila kimoja na sentensi kilimotumika. Kidahizo cha "kaza" kitahitaji zile maana tatu, na alama ya kuonyesha kwamba ile ya pili inaendelea kutumika hata kwa Probox, ambako mafundi bado husema "kaza tapeti" ingawa hamna chochote cha kukazwa.